Neno la Siri la Nyumba ya Ukweni

Mke wangu alinipa kazi moja tu: Jumamosi saa saba mchana, waifai iwepo nyumbani kwa mama yake. Alinieleza mara mbili, polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la tano habari za mvuke. Yeye alikuwa anakwenda Dar es Salaam kumuuguza mdogo wake wa kike, aliyelazwa kwa uvimbe tumboni, na madaktari walikuwa wamepanga kumpasua Jumamosi hiyo saa nane. Saa saba ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Angeingia wodini, angewasha simu, angempigia mama kwa video, na mama angemwona mtoto wake uso kwa uso kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mama ndiye aliyeomba hivyo. Alisema hataki salamu za kuletewa, anataka kumwona.

Mimi nimefundisha sayansi miaka ishirini na miwili, nyumbani kwangu ni Kwamndolwa, Korogwe, na kazi hiyo niliiona ndogo mno hata kunipandisha basi la Handeni. Nilikwenda kwa sababu mke wangu alisema niende. Ilipofika saa nne ya Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshaifuta waifai yote.

Lazima nieleze nyumba ile. Mama mkwe alikuwa ameanguka mwezi mmoja nyuma akavunjika nyonga, hivyo alikuwa akilala tu, chumba cha ndani, ambacho mlango wake ni pazia. Mimi nililala chumba cha nje. Katikati palikuwa na sebule. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume haingii chumbani kwa mama mkwe, hamtazami usoni, hali naye sahani moja, na hatamki jina lake. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa yangu, mama mkwe hakuwahi kuniambia hata neno moja la moja kwa moja. Akitaka niongezewe uji, alimwambia mtu amwambie mke wangu aniambie. Uji ulinifikia umepoa, lakini heshima ilikuwa nzima.

Wiki hiyo msemaji wetu alikuwa bibi wa jirani, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumgeuza. Wazazi wake walitoka mbali kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini upande wa Magoma, akaja kuolewa Handeni. Mila za pale alizifuata zote, ila alizifuata huku anacheka. Alikuwa akisimama katikati ya sebule, mkono kiunoni, na kutusemesha hivi.

"Mwambie mkwe wangu kuna mihogo jikoni," sauti ingetoka nyuma ya pazia.

"Amesikia. Yupo hapa hapa, hatua tatu."

"Mwambie hata hivyo."

"Mwalimu, kuna mihogo jikoni."

"Mwambie mama nashukuru," ningesema mimi, na bibi angeligeukia pazia na kulishukuru.

Sasa waifai. Sisi tuliokua zamani tunakumbuka simu ilikuwa moja, iko posta, na ukitaka kuongea na mtu wa Tanga mjini ulipanga foleni, kisha ukapiga kelele kiasi kwamba huenda Tanga wangekusikia hata bila simu. Baadaye serikali ikafungua milango, kampuni zikaingia, na kila moja ikaja na mnara wake. Kwenye kilima cha kijiji kile kuna minara mitatu imesimama bega kwa bega. Nyumba ya mama mkwe iko bondeni, nyuma ya kilima, na soko huria lote linapita juu ya bati lake bila kutua. Simu ya kawaida haishiki ndani ya nyumba. Ukitaka kupiga, unapanda juu ya mawe nyuma ya banda la mbuzi, unasimama ukitazama upande wa Mkata, na husogei.

Ndiyo sababu shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ni dereva wa lori, alileta ruta. Alisimika mti mrefu uani, akafunga antena kileleni, akapitisha waya dirishani, na ruta yenyewe akaiweka sebuleni juu ya kabati, juu ya kitambaa cha kufuma, mahali pa heshima ambapo zamani palikuwa pa redio. Mtandao akaupa jina la lori lake. Neno la siri sikuambiwa. Miaka miwili nilikwenda pale na kompyuta yangu ya shule, na mara mbili niliuliza neno la siri, na mara zote mbili watu wazima wenye akili zao wakaanza kuzungumzia mvua. Nilidhani ni uchoyo, nikanyamaza. Simu yangu ni ya vitufe na haijawahi kunidai mtandao, basi sikuumia sana.

Jumamosi ile alfajiri ilinyesha. Saa nne asubuhi taa moja ya ruta ikawaka nyekundu. Bibi wa jirani alikuja kuniambia baadaye kwamba taa ile huwaka nyekundu kila mvua ikinyesha, na jua likikausha antena hurudi kijani yenyewe, na kwamba kila mtu pale anajua. Mimi hakuna aliyeniambia, na mwalimu wa sayansi hawezi kukaa anaitazama taa nyekundu huku amekunja mikono. Nilikuwa nimewahi kuwasikia mafundi pale stendi ya Korogwe wakisema, kifaa kikisumbua, tafuta kile kitundu cha nyuma, ingiza sindano, bonyeza huku unahesabu hadi kumi. Nikachomoa sindano kwenye kile kitambaa cha kufuma. Nikahesabu hadi kumi na tano, kwa usalama.

Taa zote zikazimika. Kisha zikawaka moja moja, na ile nyekundu ikawa kijani. Nilijipongeza. Nilijiambia kwamba mke wangu ana bahati kuwa na mtu kama mimi.

Pazia likafunguka, bibi akatoka ameshika simu ya mama mkwe. "Mwalimu, kale kapepeo ka juu kameondoka."

Kapepeo ndiyo ile alama ya waifai. Nikaitazama simu. Ilikuwa inautafuta mtandao wenye jina la lori, na mtandao huo haukuwepo tena duniani. Badala yake palikuwa na mtandao mpya wenye jina la kiwandani, herufi na tarakimu zisizo na maana. Sikuwa nimeiwasha ruta upya. Nilikuwa nimeirudisha siku iliyotoka kwenye boksi.

Si kitu, nikasema moyoni. Chini ya ruta kuna karatasi iliyobandikwa, ina neno la siri la kiwandani. Nikabonyeza mtandao mpya ili niliandike. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mama mkwe alipoanguka na kuvunjika nyonga, simu ilikuwa mkononi. Kioo kilikuwa kizima kwa kukitazama, lakini nusu yake ya chini ilikuwa imekufa, haisikii kidole. Ile nusu ya chini ndiko vinakokaa vitufe vya kuandikia. Video ikiingia, pa kupokelea panatokea juu, kwa hiyo mwezi mzima mama mkwe alipokea video bila shida na hakuna aliyejua ubovu ule. Kuandika ndiyo haiwezekani.

Kuazima simu nyingine? Ilikuwa siku ya mnada. Siku ya mnada kijiji kile hubaki na wagonjwa, kuku na mimi. Kila mwenye simu ya kupangusa alikuwa ameshaondoka kwenda mnadani pamoja na wafugaji wa upande wa mbugani tangu saa kumi na mbili, na wangerudi jioni.

Nikakaa chini, nikafikiri kama mtu aliyesoma. Ruta haijali historia. Nikiipa tena jina lile lile la zamani na neno la siri lile lile la zamani, simu haitajua kwamba kuna kilichotokea. Itaingia yenyewe, kama mbuzi anavyoingia banda analolijua, na hakuna atakayehitaji kuandika kitu juu ya kioo kibovu. Nikachomeka waya kutoka ruta hadi kwenye kompyuta, nikaandika zile namba za anwani zilizo kwenye karatasi ya chini, nikafunguliwa ukurasa. Uliniuliza lugha. Uliniuliza jina la mtandao, nikaandika jina la lori, ambalo nililijua kwa kuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele. Kisha ukauliza neno la siri, lisipungue herufi nane. Hapo nikatoka kwenda kwenye mawe ya banda la mbuzi.

Simu ya mke wangu ilikuwa imezimwa, kama alivyoniambia: haiwashwi hadi saa saba. Nikampigia shemeji. Alikuwa Kabuku, amesimamisha lori, anakula.

"Shemeji, neno la siri la ruta ni lipi?"

Nikasikia sahani.

"Mvua huko vipi, shemeji?" akauliza.

"Shemeji, nimeifuta ruta kwa bahati mbaya. Mdogo wako anaingia kupasuliwa saa nane, na mama anataka kumwona. Niambie neno la siri."

Akashusha pumzi. "Ni jina la mama. Mara mbili, bila kuacha nafasi, herufi ndogo zote."

"Jina lipi?"

"La utotoni. La kwao."

"Ndilo lipi hilo?"

"Shemeji! Wewe ni mkwe. Nikutajie jina la mama yangu, tena la utotoni, tena barabarani, watu wanakula? Huko ni kumvua mama nguo."

"Sasa kwa nini uliliweka kuwa neno la siri?"

"Kwa sababu hiyo hiyo," akasema, kwa sauti ya kunishangaa. "Vijana wa pale wanajua kila kitu. Nilitafuta neno ambalo nyumba nzima hakuna wa kulitamka. Miaka miwili, umesikia kuna mtu kaiba waifai?"

Sikuwa nimesikia. Nikamwomba aniandikie kwa meseji. Akauliza kama nitaisoma kwa sauti. Nikasema nitaisoma kwa macho. Akafikiri, kisha akasema jambo hilo hawezi kuliamua peke yake, lazima kwanza amuulize mjomba. Meseji yake niliipata Jumapili jioni. Ilisema: "Vipi, mlifanikiwa?"

Nilirudi ndani saa sita na robo. Kuna jina moja la mama mkwe nililolijua, lile la kwenye kadi ya kliniki, nililoliona bila kukusudia. Halikuwa la utotoni, lakini nilijiambia huenda shemeji amechanganya. Kisha nikabaki na swali jingine, kwamba je, kuandika ni kutamka? Niliamua si kutamka. Hata hivyo nilipoliandika nilielekeza uso dirishani, vidole vikaenda vyenyewe, na nilipomaliza mara ya pili jasho lilikuwa limenitoka. Ruta ikazimika, ikawaka. Kapepeo hakakurudi.

Nikamweleza bibi. Alicheka mpaka akashika kabati.

"Mimi namwita mama wa mtoto wake wa kwanza, kama kila mtu," akasema. "Jina la utotoni simjui nalo. Ngoja nimuulize."

"Bibi, ukiambiwa utakuja kuniambia mimi. Ndiyo tatizo lenyewe."

"Basi niandike mwenyewe."

"Unajua kuandika?"

"Sijui."

Akaingia nyuma ya pazia. Nilimsikia akieleza yote kwa sauti kubwa: sindano, kitundu, lori, jina. Alieleza vizuri kuliko nilivyotaka.

"Mwambie mkwe wangu," sauti ya mama mkwe ikasema, "apige simu kwa mwanangu wa lori."

"Ameshapiga. Kakataa kusema."

"Amefanya vyema," ikasema sauti.

Saa sita na nusu. Saa sita na dakika arobaini. Nilikaa mbele ya kompyuta nikikitazama kisanduku kitupu, na nasema wazi kwamba niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya yule binti, ambaye nilimjua tangu akiwa sekondari, akija likizo kwetu Korogwe na kumaliza sukari yote. Nilimwona amelala anaitazama simu inaita upande wa pili bila kupokelewa, halafu wanamsukuma. Niliogopa pia kwa ajili yangu, nisifiche. Likitokea la kutokea, katika ukoo ule ningekuwa yule mwalimu aliyebonyeza kitundu, hadi kufa kwangu. Nilifikiria kumwomba bibi tumbebe mama mkwe na godoro lake hadi kwenye mawe ya banda la mbuzi, apate walau sauti. Mimi kulishika godoro lake nisingeruhusiwa, na nyonga ile isingeruhusu.

"Bibi," nikasema, "mwambie mama ni mimi niliyekosa. Mwambie nisamehewe."

Bibi akaligeukia pazia, akafungua mdomo.

"Mwalimu."

Bibi akafunga mdomo. Sauti ilikuwa ya mama mkwe, na haikuwa imemwambia mtu yeyote amwambie mtu yeyote. Nilisimama, sijui kwa nini, nikatazama sakafu.

"Naam, mama."

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Akalitaja. Alilitaja mara moja, wazi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeitika kliniki. Sitaliandika hapa. Nitasema tu ni jina la aina gani, kwa sababu kila mtu wa Handeni angelijua. Ni jina la kitu kisichotakiwa, kitu cha kutupwa jalalani na kusahauliwa. Majina kama hayo hupewa watoto waliozaliwa baada ya ndugu zao kufa. Mwanamke yule, ambaye watu huinama kumsalimu, ambaye kwa miaka kumi na minne sikuthubutu kumtazama usoni, aliwahi kuitwa hivyo na mama yake mzazi, kila siku, akiitwa kula na akiitwa kuoga. Nilijisikia vibaya kulijua.

"Umelipata?" akauliza.

"Nimelipata, mama."

"Andika."

Nikaandika. Mara mbili, bila kuacha nafasi, herufi ndogo zote. Nikabonyeza kuhifadhi. Ruta ikazimika, ikawaka taa ya kwanza, ya pili, ikakaa, ikawaka ya tatu. Bibi alikuwa amesimama katikati ya pazia, nusu ndani nusu nje, ameikazia simu macho.

"Kapepeo!" akapiga ukelele.

Ilikuwa saa saba na dakika nne. Saa saba na dakika tisa video ikaita. Nilitaka kutoka uani, kwa adabu, lakini miguu haikunipeleka mbali. Nilifika kwenye kizingiti nikaketi. Pazia ni pazia tu.

Walisalimiana. Binti alianza kulia mara moja alipomwona mama yake, mama hakulia. Alimuuliza kama amekula, binti akasema hawaruhusu kula. Alimuuliza kama kuna baridi, binti akasema kuna feni. Mke wangu akasikika kwa nyuma akisema, mama, wanakuja kumchukua sasa hivi.

"Nisikilize," mama mkwe akasema. "Kabla yangu walizaliwa wawili, wote wakafa. Nilipozaliwa mimi, bibi yako alinibeba akanilaza jalalani, jirani akaniokota, wakanipa jina la jalala. Kifo kikija kuuliza, kiambiwe hapa hakuna mtoto, kuna taka. Kikaja, kikaambiwa hivyo, kikaenda zake. Mpaka leo sijakufa."

"Najua, mama."

"Jina hilo lipo, halijaisha nguvu. Leo ulichukue. Wakikuuliza jina, usitaje lako. Taja langu."

Nadhani binti aliitikia kwa kichwa, maana mama mkwe alisema, "Haya," na muda mfupi baadaye simu ikakatika kwa sababu walikuwa wamekuja kumchukua.

Yaliyofuata alinisimulia mke wangu. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nesi alimwomba mgonjwa ataje jina lake, kama wanavyomwomba kila mgonjwa, walinganishe na faili. Shemeji yangu, binti aliyesoma, karani wa halmashauri, akalitaja jina la mama yake. Nesi akaangalia faili. Akauliza tena. Akatajiwa lile lile. Kazi ikasimama. Wakaangalia kitambaa cha mkononi, wakaangalia kitanda, wakamwita daktari, daktari akauliza kama ameshapewa dawa yoyote ya kumchanganya, wakasema bado. Mke wangu akaitwa kutoka kwenye benchi athibitishe mgonjwa ni nani. Akathibitisha, kisha ikabidi aeleze na mengine yote, amesimama pale na khanga yake, mbele ya watu sita waliovaa barakoa. Daktari, kwa lafudhi yake, hakuwa mtu wa kwetu. Mke wangu anasema daktari huyo alimwambia nesi chini ya jina la kwenye faili aandike na hilo la pili.

Wakamwingiza. Alitolewa saa kumi na moja. Jioni alipofumbua macho, nesi aliinama akamuuliza anaitwa nani, akataja jina lake mwenyewe.